Alipata Wapi? Limfoma, Dawa za Shambani na Maisha Yetu ya Dodoma

Mtu akiambiwa ana kansa, watu humuuliza alipata wapi kabla hawajamuuliza anaendeleaje. Baba yangu mdogo analima zabibu Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa, na alipogundulika na limfoma majibu yalikuja mengi kuliko wageni. Jirani mmoja alisema ni mkono wa mtu, kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwingine alisema ni dawa za kupulizia. Kijana wa ukoo akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia kwamba ni maji ya chupa yanayoanikwa juani barabarani. Wapo walionong'ona kuhusu ngoma, yaani VVU. Mama mdogo yeye akajitwisha lawama: eti ni mafuta ya kupikia anayonunua ya kupima. Alilia siku nzima kwa ajili ya mafuta.

Tangu hapo nimesoma sana, na kwenye mabenchi ya kliniki nimemuuliza kila aliyekubali kujibu. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, karibu hakuna daktari anayeweza kunyoosha kidole na kusema sababu ni hii hapa. Wagonjwa wengi wa limfoma hawana chanzo chochote kinachojulikana. Ila ukiwatazama watu wengi kwa pamoja, yapo mambo yanayofahamika kuongeza uwezekano wa kuugua, na baadhi yake tunaishi nayo hapa kila siku. Tunapoyachanganya hayo mawili tunafanya ubaya mara mbili. Tunamhukumu mgonjwa kwa jambo ambalo hatuwezi kulithibitisha, halafu tunaliacha shambani lile ambalo tungeweza kulirekebisha kesho asubuhi.

Limfoma ni kansa ya chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti, askari wa mwili dhidi ya maradhi. Chembe hizo hukaa kwa wingi kwenye mitoki, yaani zile tezi za shingoni, kwapani na kwenye kinena, na pia kwenye wengu, uboho na utumbo. Thomas Hodgkin, daktari wa London, alieleza aina moja mwaka 1832, na mpaka leo tunagawa ugonjwa huu katika limfoma ya Hodgkin na zile nyingine zote. Hizo nyingine zina aina zaidi ya 60. Nataja hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayofanya swali la chanzo liwe gumu: kinachochochea limfoma ya taya la mtoto sicho kinachochochea limfoma ya tumbo la mzee, ingawa faili zote mbili zimeandikwa neno lilelile.

Nianze na dawa za shambani, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Anayeijua Dodoma anajua kwamba zabibu hazilimwi bila bomba la kupulizia dawa. Mzabibu unashambuliwa na ubwiri unga, na mkulima hupambana nao kwa salfa na dawa nyingine za ukungu; kuna wadudu; kuna magugu, ambayo siku hizi watu wengi wameacha kuyapalilia kwa jembe na kuyapulizia. Na kwa kuwa zabibu zetu huvunwa misimu miwili kwa mwaka, bomba halipati likizo ndefu. Salfa yenyewe haimo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha kansa, japo inachoma macho na kifua. Wasiwasi uko kwa baadhi ya viuatilifu na viuagugu.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lenye makao Lyon, Ufaransa, ndilo linalopima ushahidi wa vitu hivi. Mwaka 2015 liliiweka lindeni kwenye kundi la 1, maana yake ushahidi umetosha kusema inasababisha kansa kwa binadamu, na kansa yenyewe ni limfoma isiyo ya Hodgkin. Lindeni ilitumika miaka mingi mashambani, kwa mifugo, hata kuua chawa na upele kwa watu, kabla mkataba wa kimataifa wa Stockholm haujaipiga marufuku kwenye kilimo mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 2015 malathioni na diazinoni, ambazo ni dawa za wadudu, na glaifoseti, ambayo ni dawa ya magugu, ziliwekwa kundi la 2A: huenda zinasababisha kansa. DDT nayo ikaingia humo. Kwa zote hizo, limfoma isiyo ya Hodgkin ni miongoni mwa kansa zilizowatia shaka wataalamu.

Sasa hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu makundi haya yanasomwa vibaya mno. Yanaeleza ushahidi una nguvu kiasi gani. Hayaelezi hatari ni kubwa kiasi gani. Nyama nyekundu imo kundi la 2A pamoja na glaifoseti, na kazi ya zamu za usiku pia imo. Mbuzi wa kuchoma wa Jumapili na dawa ya magugu wako kwenye chumba kimoja, na hakuna atakayekuambia uwatendee sawa. Kuhusu glaifoseti wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mamlaka ya mazingira ya Marekani na ile ya usalama wa chakula ya Ulaya zimesema haielekei kusababisha kansa. Utafiti mkubwa wa wapuliziaji zaidi ya 50,000 wa majimbo ya Iowa na North Carolina, uliotoa matokeo yake mwaka 2018, haukuona limfoma ikiongezeka kwa jumla miongoni mwa walioitumia. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali na kutoka mwaka 2019 ulikadiria kwamba waliopuliza kuliko wote walikuwa na ongezeko la asilimia 41.

Asilimia 41 inatisha ikisemwa peke yake. Limfoma isiyo ya Hodgkin si ugonjwa wa kila nyumba. Ongezeko hilo linaongeza watu wachache juu ya wachache, na wapuliziaji walio wengi hawataugua kamwe. Lakini hao wachache ni watu. Nami sioni kwa nini mkulima angoje mahakama na maabara zimalize mabishano ndipo avae glavu.

Kwa sababu nimemwona baba mdogo akipuliza. Bomba lake la mgongoni lilikuwa limechakaa kwenye mfuniko, kwa hiyo kila alipoinama kupita chini ya matawi ya mzabibu, dawa ilimwagika ikateremka mgongoni, ikalowesha shati mpaka kiunoni. Nozeli ilikuwa ikiziba kila mara. Aliichomoa, akaipangusa kwenye suruali, akaitia mdomoni na kuipuliza kwa nguvu hadi uchafu ukatoka, akairudisha, akaendelea. Kitambaa kilikuwa kimefungwa puani vizuri kabisa. Alijua dawa ni hatari na alijikinga mahali alipodhani hatari inapitia. Lakini kwa mpuliziaji, sehemu kubwa ya dawa huingia kwa ngozi kuliko kwa pua: mikono, mgongo uliolowa, na hasa kinena, ambako ngozi hupitisha kemikali kwa urahisi kuliko kiganja. Shati lile lililowa alilivaa hadi jioni kwa sababu jua la Dodoma lilikuwa linalikausha haraka. Kisha mama mdogo akalifua kwa mikono, kwenye beseni la nguo za watoto.

Mwaka 2018 huko California, baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi mtunza mazingira ya shule aliyekuwa na limfoma ya ngozi na aliyekuwa akipuliza glaifoseti kazini. Sehemu ya ushahidi wake ilikuwa siku ambayo vifaa vilifyatuka na dawa ikamlowesha mwili mzima. Kampuni inayotengeneza dawa hiyo ilikana na imeendelea kukana kwamba dawa ndiyo iliyomuuguza. Uamuzi wa mahakama haugeuki kuwa sayansi, hilo nalikubali. Niliposoma habari ile nilichokiona ni shati. Kule, kulowa dawa ilikuwa ajali ya kusimuliwa mbele ya jaji. Kwetu ni Jumanne ya kawaida.

Kuna jambo jingine linaloniudhi kwa dhati, nalo ni mstari wa rangi chini ya lebo. Kila mkulima aliyekwenda duka la pembejeo amefundishwa: nyekundu ni sumu kali, njano ni hatari, buluu ni tahadhari, kijani haina shida sana. Mafunzo hayo ni ya kweli na yameokoa watu. Ila rangi zile zinapima sumu ya papo hapo, yaani ni kiasi gani kingemuua mtu kikiingia mwilini kwa mkupuo mmoja. Hazisemi lolote kuhusu miaka 20 ya kulowa kidogokidogo. Dawa yenye mstari wa kijani inaweza kuwa ndiyo hiyohiyo wanayobishania wataalamu wa kansa. Muuzaji akikuambia "hii ya kijani hata ukiinywa huna neno", amekosea mara mbili. Ningependa bwana shamba na wataalamu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu waliseme jambo hili kwa sauti kwenye mikutano ya vijiji, kwa sababu hakuna mkulima atakayeligundua mwenyewe kwa kutazama chupa.

Kinachoweza kufanyika si cha gharama kubwa. Mfuniko na mpira wa bomba hubadilishwa. Nozeli iliyoziba husafishwa kwa maji na mswaki wa zamani au kijiti laini, wala hailetwi mdomoni. Karatasi ya nailoni nzito inayofungwa mgongoni chini ya bomba huzuia sehemu kubwa ya kinachovuja. Glavu za mpira ziwe ndefu, na suruali ishuke nje ya buti, maana ikiwa ndani dawa hujaa kwenye buti. Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na anayefua avae glavu pia. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, itobolewe, isiwe ya mafuta ya taa wala ya uji wa mtoto. Na upepo wetu huu wa Dodoma usisahaulike: alfajiri kunapokuwa shwari ndiyo saa yake.

Nje ya shamba ziko kazi nyingine za kuangaliwa, nitazipitia upesi. Mafundi gereji wananawa mikono kwa petroli, na vijana wa bodaboda wananyonya petroli kwa mpira kutoka tanki hadi tanki. Petroli ina benzeni, ambayo imo kundi la 1 hasa kwa sababu ya kansa ya damu. Kwa limfoma ushahidi wake ni mdogo zaidi, lakini kansa ya damu inatosha kuwa sababu ya kuacha. Kwa wanawake wanaopaka nywele rangi nyeusi, tafiti za Ulaya na Marekani ziliona ongezeko dogo kwa walioanza kabla ya 1980, na baada ya hapo viungo vya rangi hizo vilibadilishwa. Na kwa ndugu zangu wa Bahi na Manyoni wanaouliza kuhusu urani iliyotafutwa maeneo yao: mionzi inajulikana vizuri kwa kansa ya damu na nyingine kadhaa, lakini kamba inayoiunganisha na limfoma ni nyembamba. Sumukuvu, ile iliyoleta maafa Dodoma na Manyara mwaka 2016, ni adui wa ini.

Yaliyobaki yananishangaza zaidi kuliko dawa, kwa sababu ndiyo yenye uzito mkubwa na ndiyo yasiyotajwa na jirani yeyote: vijidudu, na kinga ya mwili iliyovurugika.

Hadithi yake ilianzia kwa majirani zetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa mataya aliokuwa akiuona kwa watoto, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakazunguka Afrika ya mashariki na kusini, Tanganyika ikiwemo, kama kilomita 16,000, wakiuliza hospitali hadi hospitali. Ramani waliyochora ilionyesha ugonjwa ukifuata joto na mvua, ukikwepa nyanda za juu na sehemu kavu. Ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr, wakichunguza vipande vya uvimbe huo vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, waliona kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, kimelala kimya. Kwa mtoto anayeugua malaria tena na tena, limfosaiti huzalishwa kwa kasi mno huku kirusi kikiwa ndani yake, na katika kasi hiyo makosa ya vinasaba hutokea. Sisi wa Dodoma, kwenye ukame wetu, tuna malaria kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa. Ila watu wanahama na watoto wao, na taya la mtoto likianza kuvimba na meno kulegea, hospitali iwe siku hiyohiyo. Kwa matibabu, watoto wengi wenye limfoma ya Burkitt wanaweza kupona.

Kuhusu VVU nitasema wazi, kwa sababu minong'ono ndiyo inayoua. VVU ni moja ya visababishi vikubwa kabisa vya limfoma. Kabla ya ARV, hatari kwa mtu mwenye virusi ilikuwa makumi ya mara ya mtu mwingine. ARV zimeishusha sana, ingawa si hadi sifuri. Kwa hiyo kila mgonjwa wa limfoma hupimwa VVU, na ni sawa apimwe, kwani matibabu yanategemea. Baba mdogo alipimwa na majibu ni yake. Anayemeza dawa zake kila siku anajikinga na limfoma kuliko mimi ninayesoma orodha za viuatilifu usiku kucha.

Tena kuna lile la tumbo. Bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, yuleyule wa vidonda vya tumbo, alitangazwa kisababishi cha kansa mwaka 1994. Anaweza kuleta aina moja ya limfoma ya tumbo inayokwenda taratibu, na ikiwahiwa, wagonjwa wengi huona uvimbe ukinywea kwa antibayotiki tu. Kansa inayotibika kwa vidonge vya vidonda vya tumbo! Kila nikimwona mtu anayelalamika tumbo miaka na miaka huku akinywa dawa za kutuliza asidi za dukani, namwomba akapime. Homa ya ini ya B na C nazo zimehusishwa na limfoma, na ya B ina chanjo. Magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama baridi yabisi ya viungo na lupasi, huongeza hatari pia, kadhalika dawa wanazotumia waliopandikizwa figo.

Mwenendo wa maisha, ambao ndio tunaopenda kuuhubiri, una nafasi ndogo hapa. Sigara huongeza kidogo limfoma ya Hodgkin. Unene uliopitiliza unahusishwa na aina ambayo baba mdogo anayo, naye hajawahi kuwa mnene maishani mwake. Wengi wetu tuliokuja mjini na maofisi ya serikali tunakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, na hilo lina madhara yake mengine. Pombe, cha ajabu, haijaonekana kuongeza limfoma, ila ni kisababishi kamili cha kansa ya koo, ini na matiti, kwa hiyo asiniletee mtu chupa ya mvinyo kwa kisingizio hicho. Jua letu kali nalo si la kulaumiwa kwa limfoma. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hatari yake ni kansa ya ngozi, na hiyo ni kubwa. Mafuta ya kupima na chupa za maji za barabarani sikuyakuta popote. Nilimwambia mama mdogo hivyo, kisha nikamwambia tena mbele ya wifi zake.

Lililomgharimu baba mdogo zaidi ni muda. Tezi ya shingoni ilivimba bila maumivu, ngumu kama mpira. Alikuwa akipata homa, akilowesha shuka kwa jasho usiku, suruali zikimvuka kiunoni. Kituo cha kwanza walisema kifua kikuu cha tezi, wakamwanzishia dawa bila kukata kinyama, yaani kipande cha tezi cha kupeleka maabara. Siwalaumu moja kwa moja. Kifua kikuu cha tezi kipo kwa wingi na dalili zake ni hizohizo. Lakini dawa za TB zinamezwa miezi 6, na uvimbe usiopungua wakati mgonjwa anameza dawa vizuri ulipaswa kuamsha swali mapema. Kinyama kilipokatwa hatimaye, tezi nzima na si tone la sindano, ndipo aina ikajulikana, na tukaelekea hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Siku hizi treni ya SGR imetufupishia njia hiyo. Kwa mtu anayetapika baada ya dripu ya kemo, tofauti kati ya basi na treni ni kubwa.

Kwa hiyo tezi iliyokaa zaidi ya wiki nne bila kupungua, iwe inauma au haiumi, iulizwe: je, kinyama kitakatwa lini? Majibu yakitoka, yaseme aina kamili, nawe ubaki na nakala. Na kama umefanya kazi ya kupuliza, usikubali faili liandikwe "mkulima" peke yake. Mpe daktari majina ya dawa ulizotumia, miaka uliyozitumia na jinsi ulivyopuliza, aandike. Tafiti nilizozitaja hapa kuhusu wapuliziaji zimetoka zaidi kwa watu wa mbali, wasiopuliza kama sisi. Wapuliziaji wa Mpunguzi, Hombolo na Mvumi wataingia kwenye hesabu pale tu faili zao zitakapoanza kusema walibeba nini mgongoni.